Kebo Hufa Kuanzia Kichwani

Mtandao ukikatika Mkwiro, huku Kisiwa cha Wasini, jambo la kwanza watu hufanya ni kuizima ruta na kuiwasha tena. La pili ni kumpigia simu fundi aliyeko Ukunda, ambaye naye atauliza kama mmeizima na kuiwasha. Wakati huo wote, nyuma ya meza, kichwa cha waya kimelegea au kimeota ukijani kwenye pini zake, na hakuna aliyeinama kukitazama. Mwongozo huu ni wa yule aliyekabidhiwa mtandao bila kuuomba: mwalimu mwenye kompyuta chache darasani, karani wa ofisi ya BMU (kikundi cha usimamizi wa ufuo), mwenye nyumba ya wageni, kijana wa duka la kuchapisha na kutoa nakala. Huhitaji cheti kuufuata. Unahitaji macho, koleo moja, na kujua kichwa kipi huingia wapi.

Intaneti inayofika pwani yetu imetoka mbali. Mkongo wa TEAMS uliletwa chini ya bahari kutoka Fujairah, Falme za Kiarabu, hadi Mombasa mwaka 2009. SEACOM ulianza kazi mwaka huohuo, na EASSy ukafuata mwaka 2010. Kabla ya hapo Kenya ilikuwa ikitegemea setilaiti. Data hupita maelfu ya kilomita kwenye sakafu ya bahari bila tatizo, kisha hukwama kwenye sentimita mbili za plastiki na shaba chini ya meza yako. Wanaokalafati vyombo hawatashangaa, kwa sababu jahazi halivuji katikati ya ubao, huvuja kwenye mshono. Kebo nayo ina mishono miwili, kila ncha mmoja, na hapo ndipo pa kuangalia kwanza.

Kichwa cha pini nane

Karibu kila waya wa mtandao utakaoushika una kichwa kimoja: kipande cha plastiki angavu chenye upana wa zaidi kidogo ya sentimita moja, pini nane za rangi ya dhahabu upande mmoja, na kilimi kinachobofyeka upande wa pili. Madukani huitwa RJ45, na ukiomba kwa jina hilo utaeleweka Ukunda, Likoni na hata Muscat. Kinaingia kwenye ruta, swichi, kompyuta, printa, kamera za ulinzi za kisasa na simu za mezani za ofisini.

RJ45 ana mdogo wake, RJ11, wa simu za kawaida za mezani na modemu za zamani za laini ya simu. Ni mwembamba zaidi na pini zake ni mbili au nne. Ubaya wake ni kwamba huingia kwenye tundu la RJ45 bila kulalamika, na hata kilimi chake hushika. Ukikisukuma humo, mbavu zake za plastiki zinaweza kupinda pini za pembeni za tundu, ya kwanza na ya nane, na baada ya hapo hata kichwa sahihi hakitagusa vizuri. Waambie watoto wa shule mapema.

Kichwa kikiingia sawasawa, kilimi hulia. Usiposikia mlio, kivute kidogo. Kikitoka, hakikuwa kimeshika. Kilimi kilichovunjika ndicho chanzo cha kawaida cha mtandao unaokuja na kuondoka: mtu akisogeza kiti, unaenda, akiegemea meza, unarudi. Watu huweka gundi, huweka kipande cha njiti ya kiberiti, huweka utepe. Usijisumbue. Kikate kichwa hicho, funga kingine. Kichwa kipya ni bei ndogo sana ukilinganisha na nauli ya boti kumleta mtu.

Rangi, na kwa nini mpangilio wake si urembo

Ukichuna ganda la kebo utakuta nyaya nane zilizosokotwa mbilimbili: jozi ya chungwa, ya kijani, ya buluu na ya kahawia. Katika kila jozi waya mmoja una rangi kamili na mwenzake ni mweupe wenye mstari wa rangi hiyo. Shika kichwa kilimi kikitazama chini na mdomo ukielekea mbele, mbali nawe. Pini ya kwanza iko kushoto. Mpangilio unaotumiwa zaidi, unaoitwa T568B, ni huu kutoka kushoto: mweupe wa chungwa, chungwa, mweupe wa kijani, buluu, mweupe wa buluu, kijani, mweupe wa kahawia, kahawia.

Upo mpangilio wa pili, T568A, ambao hubadilishana nafasi jozi ya chungwa na ya kijani. Wowote ni sawa mradi ncha zote mbili zifanane. Zamani, ili kuunganisha kompyuta mbili moja kwa moja, ilibidi ncha moja iwe A na nyingine B. Vifaa vya leo hutambua vyenyewe na kujirekebisha. Kwa hiyo chagua B, liandike ukutani, na usibadilishe tena.

Tazama tena orodha ile. Jozi ya kijani imetenganishwa: mmoja yuko nafasi ya 3, mwenzake nafasi ya 6, na jozi ya buluu imeketi katikati. Anayeona hivyo mara ya kwanza hudhani ni makosa, akaamua kupanga vizuri, jozi kwa jozi, ncha zote mbili vilevile. Akiweka testa, taa zote nane zinawaka kwa mpangilio, moja hadi nane. Anaondoka na furaha. Kisha mtandao wake unakuwa mzito, faili zinakatika njiani, na hakuna anayejua kwa nini.

Sababu iko kwenye msokoto. Nyaya mbili za jozi moja hubeba ishara ileile kwa kinyume, na kwa kuwa zimesokotwa pamoja, kelele za umeme kutoka nje huzigusa zote mbili kwa kiasi kilekile na hufutika mwisho wa safari. Mashine hutarajia kwamba pini ya 3 na ya 6 ni mume na mke. Ukizipa nyaya kutoka jozi mbili tofauti, umeme unapita lakini kelele hazifutiki. Testa ya bei nafuu haioni hilo, kwa sababu huuliza tu kama waya umefika upande wa pili. Ukirithi kebo zilizofungwa na mtu mwingine na mtandao ni mzito bila sababu, soma rangi kupitia ile plastiki angavu kabla ya kulaumu kampuni ya intaneti.

Jambo jingine linalofaa kujulikana: mwendo wa megabiti 100 kwa sekunde hutumia jozi mbili tu, pini 1, 2, 3 na 6. Mwendo wa gigabiti moja hutaka jozi zote nne. Kwa hiyo waya mmoja wa buluu au wa kahawia ukikatika, vifaa vingi havizimi; hujishusha hadi 100 na kuendelea kimyakimya. Fungua maelezo ya mtandao kwenye kompyuta uone mwendo ulioandikwa. Ukiona 100 mahali ambapo ruta na kompyuta zote ni za gigabiti, usinunue ruta mpya. Kagua pini ya 4, 5, 7 na 8.

Kufunga kichwa kwa mkono

Utahitaji koleo la kukrimpi, testa, vichwa kadhaa vya akiba na mkasi mkali. Kama ulikuwa na nia ya kuazima testa, nunua yako: ni kifaa kidogo cha vipande viwili na bei yake si ya kutisha, na hutaki kugundua umesahau kuiazima ukiwa umeshavuka kutoka Shimoni.

Chuna ganda kiasi cha sentimita tatu bila kugusa nyaya za ndani. Kagua: waya ulioguswa na kisu leo utakatika mwezi ujao. Fungua misokoto, nyoosha nyaya kwa kuzivuta kati ya kidole gumba na cha shahada, zipange kwa rangi, zibane zikiwa bapa, kisha zikate kwa mara moja, mstari ulionyooka, zibaki kama milimita 13. Urefu huo una maana. Sehemu ambayo jozi zimefunguliwa isizidi hapo, la sivyo umejitengenezea mlango wa kelele. Zisukume ndani hadi uone nukta nane za shaba zimegusa ukuta wa mbele wa kichwa. Hakikisha na ganda lenyewe limeingia ndani ya kichwa, kwa sababu ile kabari ya plastiki inayoshuka koleo likibanwa inatakiwa ilikamate ganda, si nyaya. Kichwa kilichokamata nyaya peke yake utakijua kwa mbali: rangi zinachungulia nje. Hicho hakitamaliza kusi moja.

Bana kwa nguvu, mara moja, hadi koleo lifike mwisho wake. Pima. Ukikosea, kata na uanze upya, kichwa hakifunguliwi. Anayeanza hupoteza vichwa vingi, na ndiyo sababu huuzwa kwa mfuko wa mia.

Sasa mambo mawili ambayo muuzaji hatakuambia usipouliza. La kwanza, vichwa si vya aina moja ndani. Kebo ndefu za ukutani huwa na waya mmoja mgumu wa shaba katika kila ganda dogo. Kebo fupi laini za mezani huwa na nyuzinyuzi. Meno ya kichwa cha nyuzinyuzi hutoboa katikati, na kwenye waya mgumu huteleza pembeni au huukwaruza tu. Meno ya waya mgumu hupanda juu yake kama miguu ya mpanda farasi. Uliza yapi unayouziwa. Pia kebo ya Cat6 ina nyaya nene kuliko Cat5e, na vichwa vya Cat5e mara nyingi havizipokei. Ukijikuta unalazimisha, simama.

La pili ni kebo yenyewe. Maboksi ya mita 305 huuzwa kwa bei zinazopishana sana, na tofauti kwa kawaida ni kwamba la bei ya chini si la shaba bali ni la alumini iliyopakwa shaba juu. Kwaruza waya kwa kisu: ndani pakiwa peupe kama fedha, ni alumini. Boksi lake pia ni jepesi mkononi. Bara penye hewa kavu watu hudumu nalo kwa muda. Kisiwani sikushauri hata kidogo. Meno ya kichwa yakitoboa ile shaba nyembamba, alumini na metali nyingine hugusana penye unyevu wa chumvi, na alumini huliwa hadi kuwa unga. Ni afadhali kununua mita chache za shaba halisi kuliko boksi zima la kitu hicho.

Na usivuke mita 100 kutoka kifaa hadi kifaa, kebo fupi za mezani zikihesabiwa ndani yake. Ukitaka kufika nyumba ya mbali zaidi, weka swichi katikati, au tumia antena, au faiba.

Chumvi

Viwanda hutengeneza vichwa hivi ili viende ofisini penye kiyoyozi. Mkwiro iko kwenye ncha ya Kisiwa cha Wasini, bahari pande zote, na kusi linapovuma, kuanzia karibu Aprili hadi Septemba, hewa hubeba rasharasha za chumvi hadi ndani ya vyumba. Chumvi ikitua juu ya pini huvuta unyevu, na unyevu huo hupitisha umeme.

Pini nzuri zimepakwa dhahabu juu ya nikeli, na dhahabu haili kutu. Lakini pako hilo ni jembamba sana. Kiwango kizuri ni mikroni 1.27, ambacho kwenye mfuko huandikwa kwa kipimo cha Kimarekani kama 50; vichwa vya bei ya kutupa huwa na dhahabu kidogo mno, kiasi cha rangi tu. Kila unapochomoa na kuchomeka unaikwangua. Ikitoboka, chumvi hufika kwenye nikeli na shaba, na ndipo ukijani huanza. Kwa hiyo kwa mahali kama hapa, nunua vichwa vilivyoandikwa 50, na usichomoe waya bila sababu. Ile tabia ya kuchomoa kila kitu usiku ili kuokoa umeme wa sola ni nzuri kwa betri. Ila zima kwenye swichi ya umeme, uache nyaya za mtandao mahali pake.

Ukikuta ukijani mwepesi ndani ya tundu, tumia alkoholi ya isopropili na brashi laini, ukiwa umezima umeme, uache pakauke. Usitumie msasa wala ncha ya kisu: utaondoa dhahabu iliyobaki na kesho kutwa hali itakuwa mbaya zaidi. Ukijani ukiwa upande wa kichwa, usikisafishe. Kikate. Na kichwa kilichotumbukia baharini, au kilichoachwa wazi nje mvua ya masika ikakinyeshea, usikioshe wala kukianika. Maji hupanda ndani ya kebo yakifuata nyaya. Kata nyuma kidogokidogo, hata nusu mita, mpaka uone shaba inang'aa, ndipo ufunge kichwa kipya.

Mambo huwa makali zaidi penye umeme ndani ya waya wa mtandao. Antena ya juu ya paa, kwa mfano ile inayopokea kutoka ng'ambo ya Shimoni, kwa kawaida haina waya wake wa umeme. Hulishwa kupitia kebo hiyohiyo ya mtandao. Utaratibu huo huitwa PoE. Ule wa kiwango, uliowekwa mwaka 2003, hutuma volti kama 48 baada tu ya kuuliza kifaa kama kinahitaji. Upo wa pili usiouliza chochote, mara nyingi wa volti 24, unaopatikana kwenye vijisanduku vinavyokuja na antena za nje. Vijisanduku hivyo vina matundu mawili yanayofanana, moja la kwenda kwenye antena na moja la kwenda kwenye ruta. Ukiyabadilisha, umeme unaweza kwenda kwenye ruta au kompyuta isiyoutarajia na kuiunguza. Paka rangi tundu la antena, hata kwa rangi ya kucha, kabla hujafanya lolote lingine.

Pini zinazobeba umeme chanya, ambazo katika mtindo wa volti 24 ni ya 4 na ya 5, huliwa upesi kuliko zingine. Chumvi, unyevu na umeme wa mkondo mmoja vikikutana, shaba ya upande wa chanya huyeyuka taratibu. Ukichomoa kichwa cha antena ukaona pini mbili za katikati ni nyeusi au kijani na sita ziko safi, usitafute zaidi. Pia, ukichomoa kichwa kikiwa na umeme, cheche ndogo huruka na kuchoma ncha ya pini. Zima kijisanduku kwanza, hesabu pumzi chache, ndipo uchomoe.

Kinga ya nje ni kazi ya mikono tu. Kabla ya kuchomeka kichwa kwenye antena, paka grisi ya silikoni kidogo mdomoni. Haipitishi umeme, lakini pini zikibanana huisukuma kando na kugusana, na grisi hubaki ikiziba hewa. Zungushia utepe wa mpira unaojigandisha wenyewe, kutoka chini kwenda juu, ili mapindo yafunikane kama makuti na maji yateremke. Acha kebo ining'inie kitanzi chini ya kiwango cha antena na tena kabla ya kuingia ukutani, matone yadondokee hapo badala ya kuifuata kebo hadi ndani. Tumia kebo ya nje yenye ganda jeusi, kwa sababu ganda la kijivu la ndani hupasuka juani, na uipitishe kwenye bomba la plastiki inapokwaruzana na ukuta wa mawe ya matumbawe. Jiwe hilo hukata ganda kama msumeno kila upepo unapotikisa.

Kuna vichwa vya kisasa ambavyo nyaya hupenya hadi upande wa mbele, ukazikata baada ya kubana. Ni rahisi kwa anayejifunza kwa sababu unaona rangi kabla ya kufunga. Kwa ndani, vitumie. Kwa nje hapa kisiwani, hapana: vinaacha ncha nane za shaba wazi mdomoni, zimekaribiana, zikiusubiri unyevu.

Vichwa vya skrubu na vya kuzungusha

Kabla ya pini nane, mtandao wa Etheneti, uliobuniwa na Robert Metcalfe na David Boggs kwenye maabara ya Xerox huko California mwaka 1973, ulipita kwenye waya mmoja mnene kama wa televisheni. Baadaye ukaja mwembamba wenye vichwa vya BNC, vile vya kusukuma na kuzungusha robo, na kompyuta zote zikashonwa kwenye waya mmoja. Mmoja akikata, wote walikatika. Hutaukuta tena, ila kichwa cha BNC utakikuta kwenye kamera za ulinzi za mtindo wa zamani, hasa hotelini Diani. Kile cha kufunga kwa skrubu chenye sindano ya shaba katikati ni cha aina ya F, cha dishi la televisheni. Hakibebi mtandao wako isipokuwa kampuni yako inaleta intaneti kwa waya wa televisheni. Kikubwa cha chuma cha skrubu kwenye antena za redio ni cha aina ya N. Vyote vitatu hufa kwa maji kuingia, na utepe uleule wa mpira huvitosha.

Faiba

Huenda hujafungiwa faiba nyumbani, lakini ukifanya kazi Ukunda, Diani au Mombasa utaishika, na makosa yake ni tofauti kabisa. Hapa hakuna shaba. Ndani mna uzi wa kioo, na njia ya mwanga katikati yake ina upana wa mikroni 9 tu, pembamba kuliko unywele. Kwa hiyo punje ya vumbi usiyoiona inaweza kuziba mlango mzima.

Vichwa viwili ndivyo vya kujua. SC ni cha mraba, cha kusukuma na kuvuta, na ndicho kilichoko nyuma ya kisanduku cha faiba cha nyumbani. LC ni nusu yake kwa ukubwa, chenye kilimi kama cha RJ45, na hukaa kwenye swichi kubwa za ofisini. Vipo vingine vya zamani vya kuzungusha, ukivikuta utavitambua.

Rangi ya kichwa ni muhimu kuliko umbo. Buluu ina maana uso wa kioo umesuguliwa wima. Kijani ina maana umesuguliwa kwa mshazari wa digrii 8, ili mwanga unaorudi nyuma upotee kando badala ya kumrudia aliyeutuma. Faiba za majumbani kwa kawaida ni kijani. Kichwa cha kijani huingia vizuri tu kwenye tundu la buluu, lakini nyuso hazilaliani, mwanga mwingi hupotea, na zinaweza kukwaruzana zikaharibika zote mbili. Kijani kwa kijani, buluu kwa buluu.

Usichungulie ndani ya kichwa cha faiba. Mwanga wake hauonekani kwa jicho, kwa hiyo giza unaloliona si ushahidi kwamba haina kitu. Kila kichwa kina kofia yake ya plastiki. Ukikichomoa, kivalishe papo hapo, na ukitaka kukirudisha, kifute kwanza kwa kitambaa maalum kisichoacha manyoya na alkoholi ileile ya isopropili. Shati lako halifai, wala pumzi yako, ambayo ina unyevu wa kutosha tayari. Na usiipinde faiba kwenye kona kali nyuma ya kabati. Kioo kitavumilia, ila mwanga utavujia kwenye kona hiyo.

Matundu yanayodanganya

Kuna vifaa ambavyo tundu lake si lile unalodhani. Swichi za ofisini huwa na tundu moja la umbo la RJ45, mara nyingi limezungushiwa mstari wa buluu, ambalo ni la fundi kuzungumza na mashine, si la mtandao. Ukichomeka kompyuta hapo hutapata chochote. Starlink, ambayo ilianza kuuzwa Kenya Julai 2023, nayo ina mambo yake: toleo lake la pili la dishi lilikuja na kebo yenye vichwa vya kampuni yenyewe, na ruta isiyo na tundu la Etheneti mpaka ununue adapta. Toleo la tatu lina kichwa cha umbo la RJ45 chenye mpira wa kuzuia maji, na matundu mawili kwenye ruta. Ukinunua dishi la mkono wa pili kutoka kwa mgeni anayeondoka, uliza ni toleo gani kabla ya kutoa pesa, na ikague kebo pande zote mbili, kwa sababu ile ya toleo la pili huwezi kuifunga kichwa kipya kwa koleo lako.

Kompyuta mpakato za leo nyingi hazina tundu la RJ45. Adapta ya USB hutatua hilo, ila angalia imeandikwa gigabiti. Za bei ya chini sana huishia 100.

Utaratibu wa kutafuta kosa ni mfupi. Taa ya tundu inawaka? Isipowaka, chomeka kichwa upya usikie mlio. Bado? Leta kebo fupi unayoiamini na uijaribu mahali pale pale. Ikifanya kazi, kosa liko kwenye kebo ya zamani: testa, kisha rangi, kisha pini. Isipofanya kazi, jaribu tundu jingine la swichi. Hapo tu ndipo ruta inapostahili kushukiwa.

Weka kwenye kisanduku kinachofunga vizuri, pamoja na kifuko cha kukausha unyevu kama vile vinavyokuja ndani ya viatu vipya: koleo, testa, vichwa ishirini hivi, utepe wa mpira, grisi, alkoholi, na kebo moja fupi unayojua ni nzima. Kila kebo iandikie kwa kalamu isiyofutika, ncha zote mbili, inatoka wapi na inaenda wapi. Na kichwa kikifa, kikate saa hiyohiyo. Kebo mbovu iliyorudishwa kwenye droo ikiwa na kichwa chake itatolewa na mwenzako wiki ijayo, naye ataizima ruta na kuiwasha hadi magharibi.